Kumsaidia mtoto baada ya kiwewe: kusubiri nyumbani, kikundi cha shuleni au tiba ya mnasihi?

Mtoto akinusurika ajali ya basi, moto wa bweni, mafuriko au ukatili, au akimshuhudia mtu wake wa karibu akiuawa, mzazi au mlezi wake hupokea ushauri wa kila namna kabla hata wiki haijaisha. Jirani humwambia amwache tu, kwa kuwa watoto husahau upesi. Mwalimu humwalika kwenye kikundi cha ushauri nasaha kilichoanzishwa shuleni. Shemeji amesikia kwamba katika hospitali ya rufaa yupo mtaalamu. Bibi anataka mtoto asomewe dua au apelekwe kwenye maombi. Hakuna kati yao aliyekosea moja kwa moja, ila kila ushauri una wakati wake na una mtoto wake. Nitazilinganisha njia hizo kwa vipimo vitatu: muda uliopita tangu tukio, aina ya tukio lenyewe, na hali ya mtu mzima anayeishi na mtoto. Kipimo cha tatu ndicho kinachosahaulika zaidi, na kwa maoni yangu ndicho kinachopaswa kuamua mambo mengi kuliko vile viwili vingine.

Yale ambayo watoto huyafanya wenyewe

Kabla ya kuchagua msaada ni vema kufahamu kwamba mtoto naye hupambana na kiwewe kwa njia zake. Mtoto wa miaka 4 aliyetoka kwenye ajali anaweza kugonganisha vigari vyake kutwa nzima, akirudia kilekile alichokiona. Yule aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena, naye hakubali mama atoke chumbani. Wa shule ya msingi hulalamikia tumbo na kichwa asubuhi ya kwenda shule, hushtuka mlango ukibamizwa, huota majinamizi na kuuliza maswali yaleyale kuhusu kifo mpaka wakubwa wachoke. Kijana wa sekondari huonekana kama mkaidi: hukasirika upesi, hujifungia, hutoroka vipindi, na baadhi huanza pombe au bangi. Katika wiki za kwanza mambo haya si ugonjwa. Ni namna mwili na akili vinavyoendelea kujihami wakati hatari imekwisha kupita, na kwa watoto wengi hupungua taratibu bila tiba yoyote.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliounganisha tafiti zilizohusu watoto na vijana zaidi ya 3,500, ulikadiria kwamba takriban 16 katika kila 100 wanaopitia tukio la kutisha hupata ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe, yaani hali ambayo dalili hudumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha ya kila siku. Wastani huo unaficha tofauti kubwa. Miongoni mwa wavulana waliopatwa na matukio ambayo hakuna mtu aliyekusudia kuwadhuru, kama ajali, waliougua walikuwa takriban 8 katika 100. Miongoni mwa wasichana waliodhuriwa na binadamu mwenzao, walikuwa takriban 33. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2016, uliangalia jinsi hali inavyobadilika kadiri muda unavyopita bila tiba: katika mwezi wa kwanza takriban mtoto 1 kati ya 5 alikuwa na dalili za ugonjwa huo, ilipofika miezi sita walikuwa wamebaki kama 12 katika 100, na baada ya hapo hesabu ilikaribia kusimama palepale hadi mwaka kwisha. Kwa hiyo anayesema watoto hupona wenyewe anasema kweli kwa miezi ya mwanzo, lakini mtoto ambaye bado anaugua baada ya nusu mwaka hana sababu ya kuambiwa asubiri zaidi.

Kusubiri nyumbani, kwa uangalizi

Njia ya kwanza haina gharama ya fedha, na pengine ndiyo maana hudharauliwa. Kusubiri kunakozungumziwa hapa si kunyamaza. Ni kumrudisha mtoto kwenye ratiba anayoifahamu: kula kwa wakati, kulala kwa wakati na pamoja na mtu anayemwamini, kurudi shuleni mapema iwezekanavyo, na kuwa na mtu mzima mmoja anayejulikana kuwa ndiye wa kuulizwa maswali. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake unaeleza kazi hiyo kwa vitendo vitatu, yaani kuangalia, kusikiliza na kuunganisha, na hakuna hata kimoja kinachohitaji shahada. Mtoto akitaka kusimulia, asikilizwe, asipotaka, asilazimishwe, akicheza mchezo wa ajali au wa mazishi, asikemewe.

Kuna mazoea mawili yanayoiharibu njia hii. La kwanza ni kumficha mtoto habari za msiba. Katika familia nyingi mtoto hupelekwa kwa ndugu wakati wa matanga na kuambiwa kwamba baba amesafiri, kisha siku moja shuleni mwenzake humwambia ukweli kwa kejeli. Mtoto aliyenyimwa maelezo hujitungia yake, na mara nyingi anayoyatunga ni kwamba yeye ndiye aliyesababisha. Aambiwe kwa maneno mafupi na ya wazi kwamba baba amefariki na hatarudi, na kama anataka kuhudhuria mazishi akiwa ameshikwa mkono na mtu wake, sioni sababu ya kumzuia. Zoea la pili ni kumwaibisha mtoto aliyerudia kukojoa kitandani, kwa kumchapa, kumwita kikojozi mbele ya wenzake au kumtembeza na godoro lake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 kuhusu maradhi yatokanayo na msongo unakataza adhabu za namna hiyo na kumtaka mhudumu awaeleze walezi kwamba mtoto hakojoi kwa makusudi.

Yapo mazingira ambayo kusubiri hakufai hata kwa siku moja. Mtoto aliyebakwa anahitaji kufika hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazitolewi baada ya muda huo kupita, na ushahidi hupotea mapema zaidi. Tanzania wapo Dawati la Jinsia na Watoto polisi na vituo vya Mkono kwa Mkono katika baadhi ya hospitali, ambako matibabu, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Mtoto anayezungumzia kujiua, aliyeacha kula, au ambaye bado anaishi nyumba moja na anayemdhuru, naye hasubiriwi. Huyu wa mwisho kwanza huondolewa kwenye hatari, maana ni vigumu tiba ya kiwewe kufanya kazi ipasavyo wakati kiwewe kingali kinaendelea.

Kikundi cha shuleni na sehemu rafiki kwa watoto

Tukio linapoigusa shule au kijiji kizima, kama ilivyokuwa kwa ajali ya basi la wanafunzi huko Karatu mwezi Mei 2017 au moto wa bweni la Endarasha, Nyeri, mwezi Septemba 2024, haiwezekani kumwona kila mtoto peke yake. Hapo kikundi huonekana kuwa jibu la wazi, na kina mazuri yake: watoto hugundua kwamba si wao peke yao wanaoshtuka usiku, hawatengwi na wenzao kama wagonjwa, na mnasihi mmoja huwafikia wengi. Sehemu rafiki kwa watoto zinazoanzishwa na UNICEF na mashirika mengine katika kambi za wakimbizi na maeneo ya maafa huwapa watoto michezo, usalama na ratiba, huku wazazi wakipata nafasi ya kupanga foleni ya chakula au kutafuta ndugu. Zisichukuliwe kuwa tiba. Ni ulinzi, na zinafaa sana kama ulinzi.

Matokeo ya vikundi vya shuleni yanatofautiana kuliko wengi wanavyodhani. Mpango wa vikao 15 katika wiki 5, wenye michezo, ngoma, michoro na usimulizi, ulijaribiwa kwa vipimo vya kisayansi katika nchi kadhaa zilizoathiriwa na mapigano. Huko Poso, Indonesia, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa watoto waliohudhuria. Nchini Burundi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha watoto 329, kwa wastani hapakuonekana tofauti kati ya waliohudhuria na waliokuwa wakingoja zamu yao. Waliochambua takwimu hizo kwa undani waliona kwamba watoto waliokuwa wakiishi na wazazi wote wawili walinufaika kuliko wenzao. Kwangu hilo ndilo somo kubwa la Burundi: saa moja ya kikundi haiwezi kuzishinda saa nyingine zote ambazo mtoto yuko nyumbani, na kikundi kisichomgusa mlezi huwafaa zaidi wale ambao tayari wana pa kuegemea.

Jambo moja katika njia hii ni la kukataliwa kabisa. Kila baada ya maafa hutokea watu wema wanaokusanya wanafunzi wote siku moja na kumtaka kila mmoja aeleze alichokiona na alivyohisi, wakiamini kwamba kutoa yote nje kutawatuliza, kisha wanaondoka na hawarudi tena. Kikao cha mara moja cha namna hiyo hakipendekezwi na Shirika la Afya Duniani. Hakizuii ugonjwa, na kinaweza kumjaza mtoto picha za mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyaona. Mzazi ana haki ya kumwambia mwalimu mkuu kwamba mwanawe hatashiriki.

Tiba ya fikra na mwenendo, na tiba ya kusimulia maisha

Mwezi ukipita na mtoto bado halali, bado anakwepa barabara au chumba fulani, masomo yameporomoka au hasira zimezidi, ndipo inapofaa kutafuta tiba inayolenga kiwewe chenyewe. Hapa mzazi hukutana na tiba mbili zilizojaribiwa katika ukanda wetu, na ulinganisho wake ndio unaostahili nafasi kubwa zaidi.

Ya kwanza ni tiba ya fikra na mwenendo inayolenga kiwewe, iliyoandaliwa Marekani na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger. Kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 16, mara moja kwa wiki. Mtoto kwanza hufundishwa kwamba hali yake ina sababu na si wazimu, hujifunza kupumua na kutuliza mwili, kuzitaja hisia zake, na kutambua jinsi fikra kama “ningekuwepo asingekufa” zinavyozaa huzuni na hatia. Baada ya hapo tu ndipo anapoanza kulisimulia tukio, kidogo kidogo, kwa maneno au kwa michoro, akirudi nyuma kila anapozidiwa. Mlezi hupewa mafunzo yake sambamba, na karibu na mwisho mtoto humsomea au humwonyesha mlezi simulizi lake, huku mlezi akiwa ameandaliwa kusikiliza bila kuangua kilio wala kukaripia. Kwa watoto waliofiwa huongezwa vikao vya kuomboleza na kutunza kumbukumbu njema za marehemu.

Tiba hii ilifanyiwa jaribio kubwa Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, mjini na vijijini, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliotoa huduma hawakuwa wanasaikolojia bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa kwa karibu. Vikao 12 vilikuwa vya kikundi, na vichache vya faragha kwa ajili ya kusimulia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba tiba ilipomalizika, watoto walioipata walikuwa na nafuu zaidi ya wale waliopata huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne, yaani Bungoma mjini, Bungoma vijijini na Moshi mjini. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado ipo Kenya, lakini Tanzania makundi mawili yalikuwa yamelingana. Wapo watakaosema tiba ilishindwa Moshi. Mimi naona vinginevyo: dalili za watoto wa Moshi zilipungua katika makundi yote mawili, na pengine huduma za kawaida walizokuwa nazo zilikuwa na nguvu kuliko inavyodhaniwa. Kwa mlezi anayechagua, maana yake ni kwamba tiba hii huonyesha faida kubwa zaidi pale ambapo mtoto hana msaada mwingine wa maana.

Ya pili ni tiba ya kusimulia maisha, iliyoandaliwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, pamoja na toleo lake la watoto. Mtoto hutandikiwa kamba sakafuni ikiwakilisha maisha yake tangu kuzaliwa. Huweka maua mahali penye mambo mema na mawe mahali penye mambo mabaya, makubwa au madogo kadiri yalivyomwumiza. Vikao vinavyofuata huifuata kamba hiyo kwa mpangilio, jiwe moja baada ya jingine, na mnasihi huandika kila kinachosimuliwa. Mwishoni mtoto hukabidhiwa maandishi ya maisha yake yote, sehemu ya kamba iliyobaki ikiwa ni siku zijazo, nayo huwekewa maua ya matumaini. Kambi ya Nakivale, kusini mwa Uganda, ndiko ilikojaribiwa kwa wakimbizi wa Kisomali na Kinyarwanda, na baadhi ya waliokuwa wakiitoa walikuwa wakimbizi wenyewe. Kaskazini mwa Uganda utafiti wa mwaka 2011 kwa vijana 85 waliowahi kutumikishwa vitani ulionyesha kwamba walioipata walipungukiwa na dalili kuliko waliopewa masomo ya ziada na ushauri wa kawaida.

Tofauti kati ya mbili hizi haiko katika ubora, bali katika mtoto zinayemfaa. Tiba ya fikra na mwenendo huegemea mlezi: mlezi anayepatikana kila wiki, asiye chanzo cha madhara, na mwenye nguvu ya kusikia yaliyompata mtoto. Kwa mtoto aliyepatwa na tukio moja au lenye mipaka inayojulikana, kama ajali au kifo cha mzazi, na ambaye ana mama, shangazi au babu wa kumshika, ningeichagua hiyo bila kusita. Tiba ya kusimulia maisha inamfaa zaidi yule ambaye hajui aanzie tukio lipi kwa kuwa ni mengi, aliyehama mara nyingi, ambaye walezi wamebadilika au hawapo, na ambaye huenda atahamishwa tena kabla ya wiki 16 kwisha. Vikao vyake ni vichache zaidi, na haihitaji mlezi ahudhurie ili isonge. Hata hivyo umri una uzito: mtoto wa miaka 5 hawezi kuipanga kamba ya maisha yake, ila anaweza kucheza, na tiba ya fikra na mwenendo ina njia za kumfundisha kwa mchezo kuanzia miaka 3.

Je, kikundi hakiwezi kutibu? Kinaweza, kama kilivyofanya Bungoma, na kama ilivyoonekana mashariki mwa Kongo mwaka 2013 katika tafiti mbili ndogo, moja ya wasichana 52 walioathiriwa na ukatili wa kingono na nyingine ya wavulana 50, wengi wao wakiwa wamewahi kutumikishwa vitani. Lakini hivyo vilikuwa vikundi vya tiba yenye hatua maalumu, mafunzo na usimamizi. Havilingani na kikundi cha michezo kwa sababu tu watoto wameketi duara.

Dawa, dua na maombi

Kuhusu dawa nitasema machache. Mwongozo wa mwaka 2013 niliokwisha kuutaja hauruhusu watoto kupewa dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu kwa dalili za mwezi wa kwanza, wala dawa za sonona kama tiba ya ugonjwa wa kiwewe kwa watoto na vijana. Daktari anaweza kuwa na sababu nyingine ya kuandika dawa, naye aulizwe sababu hiyo.

Dua na maombi si mpinzani wa tiba. Familia inayoomba pamoja humpa mtoto ratiba, watu na maneno ya kuuelezea msiba, na hivyo ni sehemu ya ile njia ya kwanza. Linaloleta madhara ni kumwambia mtoto kwamba ana pepo kwa sababu anaweweseka usiku, kumlazimisha afunge kula siku kadhaa, kumchapa ili pepo limtoke, au kumkatiza tiba kwa sababu kiongozi wa dini ametangaza kwamba amepona.

Kuipata huduma na kuimudu

Anayetaka kuanza anaweza kupiga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda, au kumwona afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Akifikishwa kwa mnasihi, aulize kwa adabu lakini kwa uwazi: tiba anayoitoa inaitwaje na ina hatua zipi, ni nani anayemsimamia, mlezi atashirikishwa vipi, na itajulikanaje kwamba mtoto ana nafuu. Mnasihi anayejibu kwamba “tutaongea tu mpaka ajisikie vizuri” huenda ni mtu mwema, lakini hana mojawapo ya tiba zilizoelezwa hapa. Na mlezi naye ajipime kabla ya kuchagua, kwa kuwa mama aliyenusurika ajali ileile anaweza kuhitaji msaada wake mwenyewe kwanza, au angalau kwa wakati mmoja na mtoto.

Kisha ipigwe hesabu ya nauli. Hata pale huduma yenyewe inapotolewa bila malipo, vikao 12 ni safari 12 za watu wawili kwenda na kurudi, na kwa mlezi anayeishi kwa kibarua ni siku 12 ambazo kipato kimepungua. Tiba iliyokatizwa katikati, hasa mtoto alipoanza kusimulia na kabla hajafika mwisho, humwacha na mzigo aliokwisha kuufungua. Kama safari hizo haziwezekani, ni afadhali kuulizia mapema iwapo yupo mhudumu aliyefunzwa karibu na nyumbani, au kukubaliana na mnasihi vikao viangukie siku za gulio au za kliniki ambazo mlezi angesafiri hata hivyo, kuliko kuanza kwa haraka na kuishia kikao cha nne.